Blanketi Tulilopeleka Lugari

S.L.P. 1187,
Kakamega.

Alhamisi, 21 Agosti 2025.

Mpendwa mwanangu Clifford,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi shangazi yako, senje wako. U hali gani huko Doha? Joto limepungua au bado linawachoma? Na ule mgongo uliolalamikia mwezi wa sita, umepona? Unakula vizuri, au ni wali kila siku mpaka wali wenyewe umekuchoka? Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida yake, nguo hazikauki, na goti langu la kushoto linajua itanyesha kabla ya mawingu kujua. Hayo ni ya uzee, hayakuhusu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo. Nimejaribu simu. Jumapili ulisema, "Senje, niko kazini, nitapiga baadaye," na hiyo baadaye naingoja hadi leo. Ujumbe nao nimeuandika na kuufuta mpaka kidole kimechoka, kwa sababu neno hili ukiliandika kwa ufupi linaonekana wazimu. Ayuma, yule binti wa jirani yetu Phineas, anasafiri Jumamosi kuja kufanya kazi ya hoteli huko huko, na nimemwapisha akukabidhi bahasha hii mkononi. Kwa hiyo ni lazima niimalize leo, ingawa nimekwisha kuinuka mara chungu nzima kwenda kuchungulia sufuria ambayo haina kitu.

Kwanza habari njema. Nyumba tuliyokuwa tukimjengea Mzee Makhanu kule Lugari imekwisha. Unaikumbuka vizuri, maana wewe mwenyewe ulipitisha mabomba ya nyaya ndani ya kuta zake kabla hujaondoka. Yeye na mkewe, Mama Teresa, wamejenga kwa pesa za mahindi tu. Msimu ukiwa mzuri tulipandisha kuta, ukiwa mbaya tulifunika saruji kwa turubai tukarudi nyumbani. Sasa ina mabati mekundu, dari, vigae sebuleni, na taa zako zote zinawaka. Hakuna hata swichi moja iliyogoma.

Unajua pia tabia yangu. Mimi simkabidhi mtu funguo za nyumba nikiwa mikono mitupu. Hakuna watu wanaochokana kama fundi na mwenye nyumba, na mimi na Mzee Makhanu tuligombana hadi ng'ombe wakatuzoea. Yeye alitaka dirisha la jikoni litazame barabara, aone nani anakuja. Mama Teresa naye alihamisha mlango wa ghala ukuta ukiwa umeshafika mabegani. Lakini watu hao walipikia mafundi wangu kila siku ya kazi, na hawakuwahi kuleta fundi mwingine kwa siri aje kunipima. Wateja wa namna hiyo ni wachache, Clifford. Nilitaka wajue kwamba nimeliona hilo.

Basi nikaanza kutafuta zawadi, na taabu yangu ikaanzia hapo. Saa ya ukutani yenye jina la kampuni yetu, kama tunavyowapa wengine, haikufaa, kwa sababu wana saa tatu tayari, ya kanisa, ya chama cha akina mama na ya muuza mbegu, na kila moja inasema yake. Sufuria wakwe zao wa kiume na wa kike walishaleta. Nikafikiria miche ya parachichi ya kupandikizwa. Baba yako mdogo Patroba akaniuliza kama nimerukwa na akili, mgeni kupanda mti katika shamba la mtu Lugari, ambako watu bado wanapimana mipaka kwa macho! Wajukuu watapelekana kortini, akasema. Ochieng, msimamizi wangu, akashauri jogoo, kwamba kwao mji mpya huamkia jogoo. Nikamwambia Mzee Makhanu si Mjaluo, na jogoo anaye, tena ndiye aliyetunyima usingizi muda wote tuliolala kule.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Mama Teresa plasta ilipokauka. Aliniambia, "Mama fundi, hii nyumba yako ni mzuri sana, lakini inakuwanga baridi. Ile ya zamani, moshi ya jikoni ilikuwa inatupatia joto." Na kweli Lugari mwezi huu baridi yake haina adabu. Nikasema basi, nimepata. Nikaenda mjini, nikamnunulia blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, lenye maua, la kumfunika yeye na baridi yake yote.

Zawadi ya mama bila ya baba haiendi. Sasa, Mzee nilikuwa na deni lake la moyoni. Siku tulipomimina ule mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya madirisha, alipanda jukwaani kukagua, ingawa nilimkataza. Akainama, kofia yake ya kahawia ikamtoka kichwani ikaangukia ndani ya mbao za zege, na Ochieng akamimina kabla mtu hajapiga kelele. Imo ukutani hadi leo, juu ya dirisha la sebule. Tangu siku hiyo kila mgeni anaambiwa kwamba nyumba hii inashikiliwa na kofia. Nikamnunulia kofia, ya kahawia vilevile, na nzuri kuliko ile.

Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye malezi anayeingia boma la watu bila kitu cha chai, nikaongeza mfuko wa sukari.

Blanketi la mama, kofia ya baba, sukari. Hebu soma tena maneno hayo, wewe Mluhya mwenzangu, uniambie kama hayafanani na vitu vya kwenda kuposa. Mimi sikuyasoma hivyo. Nilinunua kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake safi kabisa.

Kuongezea, siku ya kukabidhi nyumba, Jumamosi iliyopita, Patroba alikuwa ametoka mazishini asubuhi. Yeye ndiye aliyepiga kenchi za paa na mabati, kwa hiyo sikuweza kumwacha. Alikuja moja kwa moja na suti yake nyeusi na tai. Mimi nilivaa lile gauni la kanisani la kola nyeupe, kwa sababu kukabidhi nyumba ni siku ya heshima. Basi tafakari picha hiyo, dada ya marehemu baba yako na mdogo wa marehemu baba yako, wamevaa vizuri, wanashuka garini na blanketi, kofia na sukari.

Mama Teresa alikuwa mlangoni. Alipoona blanketi alijiziba mdomo kwa mkono, akageuka, akaingia ndani mbio. Nikadhani amekwenda kuteleka chai. Tukakaribishwa sebuleni, tukaketi. Mara akaingia kaka yake Mzee, halafu mwingine, halafu mzee wa jirani na mkewe, wote wanatushika mikono kwa mikono miwili. Nikadhani wamekuja kuona nyumba. Nilisimama nikaanza kuwaeleza jinsi maji ya mvua yanavyoshuka kutoka kwenye mabati! Walinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mgeni aliyechanganyikiwa na furaha.

Mzee akaomba. Sala ilikuwa ndefu, na ndani yake akashukuru kwa ajili ya familia hizi mbili. Nikasema amina kwa sauti, nikijua ni uungwana wake tu. Nikakabidhi zawadi zangu, nikasema, "Ni kitu kidogo tu cha kusema asante." Wazee wakacheka, wakasema sisi watu wa Kakamega tunajishusha. Kisha ikaja obusuma, ugali wa moto, na ingokho nzima, na firigisi, fungu la kiongozi wa msafara, ikawekwa mbele ya Patroba. Clifford, unamjua baba yako mdogo. Mbele ya kuku kichwa chake hulala. Akaila.

Ndipo Mzee akavaa kofia, akaigeuza kidogo pembeni, akasema, "Sasa hata mkwe wetu akirudi kutoka Uarabuni, atatupata hapa tumekaa kwa nyumba."

Nilipaliwa. Mama Teresa akaja kunipiga mgongo taratibu, na huku ananipiga akaniambia sikioni, "Mama, tumengoja hii siku mpaka tukachoka. Mitchel alikuwa anatuambianga mtakuja. Hata wale watu wa mwalimu wa Kitale walikuja mwezi wa nne, Mzee akawarudisha, akasema msichana ameshapeana neno yake."

Binti yao huyo, Mitchel, akaingia wakati huohuo na birika na karai la kunawia. Alinimiminia maji mikononi akitazama karai. Ungeniuliza jina langu wakati ule ningekosea.

Ulimwahidi nini yule mtoto wa watu? Mimi nilijua ni mzaha wa vijana. Niliwaona mkicheka pale jukwaani, yeye akikupa koleo, wewe ukimwita "injinia", nikasema acha wacheke, kazi itakwenda haraka. Hukuniambia lolote. Ulinikumbatia kule uwanja wa ndege, ukaniambia habari za mkoba wako na za viatu vyako na za kaptura iliyobaki kwenye kamba, na hili ukaliacha. Nimekasirika, na ninakuandikia nikiwa nimekasirika, ili usije ukasema hukujua.

Tuliondoka bila kusema ukweli. Usinihukumu. Ingebidi nisimame mbele ya wazee wale, mifupa ya kuku bado ipo mezani, niseme hapana, sisi tulileta blanketi kwa sababu ya baridi. Tulipopita Malava Patroba akaanza kucheka, akacheka mpaka akalegeza tai, kisha kicheko kikakatika akaniuliza, "Mideva, umetuingiza wapi?" Nikamwambia mimi nimeleta blanketi tu, aliyekula firigisi ni yeye. Tukagombana hadi mlangoni, na mpaka leo akipiga simu tunaendelea tulipoachia.

Tangu siku hiyo sikai chini, mwanangu. Tumeanza nyumba nyingine kule Ekero, na Jumatatu niliwaambia mafundi wakate mlango mahali penye dirisha. Ochieng akanitazama, akaninyang'anya kipimo, akaniambia, "Mama, enda nyumbani upumzike. Huku leo utabomoa." Mama Teresa ananipigia kila asubuhi. Ananiita mkwe, ananiuliza kama nimeamka vizuri, ananiambia blanketi lina joto. Wanataka kuja kututembelea, kurudisha mguu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Ameshaniuliza kama tunakula mbuzi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae nikuandikie. Juzi Jumanne Mitchel alikuja hapa peke yake.

Hukujua, labda, kwamba ana kibanda chake cha kushona nguo pale Sigalagala. Alifunga kazi akaja. Nilimkaribisha sebuleni, akakataa, akanifuata jikoni, akavuta kigoda, akachukua majani ya kunde niliyokuwa nachambua, akaanza kuchambua na mimi. Tulichambua hivyo, mimi nikijiandaa kwa machozi au matusi. Halikuja hata moja.

Akasema, "Senje, mimi nilijua ile kofia ni ya nini. Nilikuwa hapo ile siku ilianguka kwa simiti."

Nikamuuliza, kama alijua, mbona hakutuokoa? Akajibu, "Ningesema aje, na baba amevaa anafurahi hivyo? Hakuna siku nimemwona akifurahi hivyo." Halafu akaendelea kuchambua kunde, akaniambia lile ambalo nimeshindwa kulitoa kichwani. Ulipoondoka ulimwambia kwamba nyumba ya baba yake ikiisha, utamtuma senje. Hayo ndiyo aliyowaambia wazazi wake, na ndiyo maana hawakushangaa kutuona. Na tangu Pasaka hujibu simu zake. Hilo hajawaambia.

"Nilipoona gari yenu kwa geti," akasema, "nikafikiria amekutuma kweli. Nikakimbia kuvaa kitenge. Kurudi, nikaona kofia."

Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia kitunguu, na hapakuwa na kitunguu.

Alikuja kuniomba jambo moja tu, kwamba nisimsemee uongo. Atawaambia wazazi wake mwenyewe, kabla hawajafunga safari ya kuja huku, kwamba zawadi zilikuwa za nyumba na kwamba hajui msimamo wako. Anataka awaambie ukweli wote kwa mara moja, na nusu ya ukweli huo unao wewe. Kukupigia hatakupigia tena, anasema amepiga vya kutosha. Na kweli midomo iliniwasha nimwambie una kazi nyingi, unachoka, ndivyo ulivyo. Nikayameza maneno hayo. Sikukutetea, Clifford, kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe.

Nitakuambia bila kuficha, mimi msichana yule nampenda. Nampenda jinsi alivyokaa kwenye kigoda changu. Na kuna jingine, nalo naona aibu hata kuliandika. Pale mezani Mzee aliposema, "mkwe wetu akirudi," kabla sijapaliwa, kwa kitambo kidogo sana nilifurahi. Sikusikia neno mkwe. Nilisikia akirudi tu. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, na kila mwaka unasema mkataba mmoja tu zaidi. Pengine ndiyo sababu sikujiuliza maswali pale dukani. Sijui. Naliwaza, nainuka, naketi, naliwaza tena.

Lakini kupenda kwangu kusikufunge. Wewe si blanketi langu nikupeleke kwa watu. Kama unamtaka Mitchel, mpigie yeye kwanza, si mimi, wala si Mzee, wala si Patroba ambaye atalia kwenye simu. Mwambie na umweleze ukimya wako, na ukubali atakalojibu, kwa maana sasa huenda yeye ndiye asiyekutaka, na haki hiyo anayo. Kama humtaki, mpigie pia, siku hiyohiyo utakayosoma barua hii, hata kama uko kazini.

Ikiwa ni hapana, mimi na Patroba tutakwenda Lugari. Tutaketi kwenye viti vile vile mbele ya wazee wale wale, tuombe radhi, tubebe wanayotaka kutubebesha. Sisi nyuso zetu zimekomaa, zitavumilia. Labda sitajenga tena nyumba Lugari, basi. Lakini kumwambia yule msichana kwamba humtaki, kwa kinywa changu, hapana. Nilikuogesha ukiwa huna mama, nilikupeleka shule, nilikusindikiza uwanja wa ndege nikajifanya silii. Hilo moja sitakufanyia.

Patroba anakusalimu sana. Anasema wewe si mtoto tena, na anasema pia kuku hamjutii. Ochieng anakusalimu, anauliza kama huko Doha mnapitisha nyaya vizuri kama ulivyopitisha kwa Mzee Makhanu. Phineas na mkewe wanakusalimu, na wanakuomba umwangalie Ayuma wao siku za mwanzo, asijione yuko peke yake. Mama Teresa anakusalimu kila asubuhi, na ananisihi nikufikishie. Mitchel nilimuuliza akiwa anaondoka, tayari ameshika mwavuli, kama ana salamu za kukutumia. Alifikiri kidogo, akasema hana.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde na joto, na akupe ujasiri wa kushika simu.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira nawe,

Senje Mideva.